Ruby wa Supernatural: alimchezea Sam toka siku ya kwanza au aligeuka njiani?

#1 ChumviMlangoni
Wakuu salama. Uzi huu ni wa walioimaliza Supernatural yote, ile tamthilia ya Marekani ya ndugu wawili Sam na Dean wanaowinda mapepo, kama bado uko njiani pita kushoto maana humu ni spoila mwanzo mwisho.

Nairudia sa hivi na mdogo wangu ambaye hakuwahi kuiona. Tumefika mwisho wa sizoni ya nne, pepo mkubwa Lilith keshauawa na Sam kumbe kifo chake ndo muhuri wa mwisho wa kumfungulia Lucifer, damu yake inajichora yenyewe sakafuni, Ruby, yule pepo aliyekuwa anamnywesha Sam damu ya pepo, anashangilia kama kashinda kombe, na dogo ananiuliza "kwa hiyo huyu dada hata siku moja hakumpenda?" Sikuwa na jibu la kumpa.

Msimamo wangu mimi ni kwamba Ruby alikuwa mtu wa Lilith toka anatokea na kile kisu chake mwanzo wa sizoni ya tatu. Mwenyewe anajisifu pale kwenye nyumba ya watawa kwamba hata Alastair, mtesaji mkuu wa kuzimu, hakujua, aliyejua ni Lilith peke yake. Ila kuna kitu hakikai sawa. Kumbukeni epsodi ya kituo cha polisi kule Colorado. Mapepo wamezingira, Ruby anakuja anasema ana dawa, inataka moyo wa bikira, na ikipigwa inaua kila pepo aliye ndani ya maili moja, na yeye mwenyewe akiwemo. Yule binti Nancy anakubali kabisa kutolewa moyo. Sasa kama kazi ya Ruby ni kumlea Sam mpaka aje amuue Lilith, anajitoleaje kufa kabla kazi haijaanza? Mwenye maelezo alete.

#2 KitiChaMbele
Nimeshakaa. Leteni hoja.

#3 Impala_ya_Mzee
Mkuu hiyo mbona nyepesi, alijua Dean hawezi kukubali. Dean umchinjie binti wa watu mbele yake? Haiwezekani, na Ruby keshawasoma hao ndugu vizuri tu. Yeye alikuwa anaweka bei mezani. Halafu angalia faida aliyopata: wale ndugu wanakataa, wanapigana, wanashinda, wanaondoka, nyuma Lilith anaingia kituoni kwa umbo la katoto ka kike anaua wote waliobaki, Nancy akiwemo. Ruby anawafuata walikolala anawawakia, mngenisikiliza angekufa mmoja. Toka siku hiyo Sam kichwani mwake kuna kitu kimekaa, kwamba njia ya Ruby ni chafu lakini inaokoa watu. Na ndo mlango huohuo aliopitia na ile damu baadaye.

#4 DadaFay
Impala unampa Ruby akili ambazo waandishi wenyewe hawakuwa nazo muda huo. Sizoni ya tatu ilikatwa na mgomo wa waandishi wa Marekani wa 2007 na 2008, badala ya epsodi 22 zikatoka 16. Kisha Katie Cassidy akaondoka, sizoni ya nne akaletwa Genevieve Cortese. Mi huwa nasema Ruby wako wawili. Wa kwanza ni mkali, anamjibu Dean hovyo, hana muda wa kumbembeleza mtu. Wa pili ana sauti ya pole, anakula chipsi, analia machozi. Yule wa kwanza nachukulia alikuwa upande wa Sam kweli, wa pili ndo akapewa kazi ya usaliti kwa sababu hadithi ilihitaji msaliti.

#5 Popobawa_Mstaafu
Genevieve huyohuyo akaja kuolewa na Jared Padalecki, anayemcheza Sam, 2010. Kwa hiyo Chumvi mwambie dogo kwamba mapenzi yalikuwepo, yalihamia tu nje ya kamera 😂😂

#6 Impala_ya_Mzee
Popobawa wewe kila uzi lazima uharibu.
DadaFay, kubadilisha mcheza siyo kubadilisha mtu. Ndani ya hadithi Ruby ni mmoja, alipigwa na Lilith akarudishwa kuzimu, akarudi na mwili mwingine. Na hata ule mwili wa pili angalia alivyoupata. Sam anamwambia hataki mtu wa watu awe amefungiwa humo ndani, basi anaenda hospitali anachukua wa mgonjwa aliyekuwa hajitambui, roho imeshatoka. Sam akaona huyu ananiheshimu, ana utu. Ule ni mtego wa hali ya juu, amempa kitu kidogo alichokitaka ili baadaye amchukulie kikubwa.

#7 mwana_wa_makorora
Nimesoma kimya ila hapa naomba niseme. Wengi mnajadili kama Ruby alimpenda au hakumpenda. Mi hiyo sizoni niliiangalia na kaka yangu akiwa ndani ya unga, tukiwa Tanga, na sikuona mapenzi wala usaliti, niliona pusha. Ile sehemu Sam yuko kwenye chumba cha chuma kwa mzee Bobby, mwindaji mwenzao, wamemfungia aache ile damu, anatetemeka, anamuona mama yake mzazi, anaongea na nafsi yake ya utotoni, ile ni arosto kabisa, yale mateso ya kukosa unga, kama nilivyoiona kwa macho yangu chumbani kwetu. Mwenye kijiwe hakuwahi kumlazimisha kaka. Alikuwa anamwambia we una akili kuliko hawa wote, hawakuelewi, mimi nakuelewa. Za mwanzo alimpa bure. Mama alipoanza kumbana, yule jamaa akawa ndo anamnunulia kaka chakula, anamsikiliza, mpaka kaka akaona nyumbani wote tu maadui. Alipelekwa soba, akatoroka, akarudishwa, leo anaendelea na methadoni, anafanya kazi zake, namshukuru Mungu.
Kwa hiyo mkiniuliza mimi kama Ruby alimpenda Sam, labda alimpenda. Hata yule jamaa wa kijiwe kaka alipozidiwa alikuja kumuona.

#8 DadaFay
Pole sana ndugu, na hongera kwa kaka.

#9 Otis254
Pole msee. Sasa mimi nauliza, mbona mnamkalia Ruby na malaika wako hapo wametulia? Nani alimfungulia Sam mlango kwa Bobby? Malaika Castiel! Sam alikuwa ndani, Dean na Bobby wamejipanga, jamaa angetoka safi siku moja. Castiel akapewa order kutoka juu akaja usiku akafungua akaenda zake. Hiyo kazi Ruby hangeweza, kile chumba ni chuma na chumvi. Bila mbinguni Ruby hana kitu.
Halafu malaika Zachariah na ile simu. Dean amefungiwa kwa chumba kizuri na bia na baga, anampigia Sam, anaacha ujumbe wa kumuomba msamaha, anamwambia sisi ni ndugu. Sam akisikiliza anasikia matusi, anaitwa zimwi, anaambiwa baba alisema nikuokoe au nikuue. Muda huo Sam alikuwa ameanza kurudi nyuma kwa ile maneno ya nesi, buda alikuwa anasita kabisa. Ujumbe ndio ulimsukuma. Manze mimi hiyo scene inaniumanga mpaka leo.

#10 ChumviMlangoni
Otis nesi mfafanue maana kuna watu watasahau. Ni yule nesi aliyeingiwa na pepo wa Lilith, wamemtia kwenye buti ya gari, Ruby anataka Sam amnywe damu yote ili apate nguvu. Pepo anajificha ndani anamuachia mwanamke mwenyewe aongee, analia anaomba aachwe aende kwa mumewe. Sam anamsikia anamlilia kutoka kwenye buti. Kwangu mimi ni sehemu ngumu kuliko zote za sizoni ile, ngumu hata kuliko kifo cha Lilith.

#11 Msomi_wa_Mihuri
Swali kwa Otis: ni wapi wameonyesha kuwa Zachariah ndiye aliyeugeuza ule ujumbe? Hawajaonyesha. Tunaonyeshwa Dean anaongea kitu kimoja, Sam anasikia kingine, basi. Wengi tumempa Zachariah kwa sababu ndiye aliyemfungia Dean na alikuwa na sababu. Ila Ruby alikuwa pale kando ya gari, na yeye alikuwa na sababu vilevile. Maneno yale ya "nikuokoe au nikuue" ni siri ya baba yao John na Dean, na Sam aliijua toka sizoni ya pili. Sam ana tabia ya kumwaga moyo kwa Ruby, kwa hiyo Ruby kuyajua haishangazi.

#12 Otis254
Sasa Ruby atatengeneza sauti ya Dean aje? Hajawahi kuonyesha hiyo nguvu popote.

#13 Msomi_wa_Mihuri
Na Zachariah ameonyesha wapi?

#14 Otis254
Zachariah alimhamisha Dean akili mzima akamfanya mfanyakazi wa ofisi na suti, Sam akawa fundi wa simu na kompyuta, hawajuani hata majina. Mtu wa kufanya hiyo hawezi kubadilisha sauti kwa simu?

#15 Msomi_wa_Mihuri
Uwezo anao. Nachosema mimi, kuwa na uwezo na kuonekana umefanya ni vitu viwili tofauti. Na ndo maana inaniuma kwamba hawa ndugu hawakai chini hata siku moja wakauongelea ule ujumbe, Sam anabeba maneno ambayo Dean hakuyasema, sizoni zinapita.

#16 MamaJunior_Moro
Habari zenu wanangu. Mimi nimeiangalia kwa sababu ya watoto lakini nikaishia kuipenda kuliko wao. Nataka kusema kuhusu Ruby, kwamba uongo wake ulikuwa mchache mno, sehemu kubwa alisema kweli. Alimwambia Dean kwamba mapepo walikuwa binadamu kwanza, kweli. Akamwambia mapatano yake ya kuuza roho hayana wa kuyavunja, kuzimu ataenda, kweli. Akamwambia hata yeye alikuwa mchawi zama za tauni akauza roho yake. Aliyeambiwa uongo ni Sam tu, kwamba "kaka yako nitakusaidia kumuokoa".

Katika ukoo wa mume wangu alikuja mganga mmoja wakati shemeji anaumwa. Yule mtu alianza kwa kueleza mambo ya kweli ya mle ndani, ugomvi wa shamba, mtoto aliyefariki, nani haongei na nani, wote wakashika midomo. Alishayapata kwa jirani. Akishaaminika ndo akatia lile moja la uongo, kwamba anayemroga shemeji ni dada yake wa tumbo moja. Shemeji alipona kwa dawa za hospitali lakini na dada yake hawajakaa meza moja mpaka leo, hata msiba wa mama yao walikaa mbalimbali. Kwa hiyo mimi nikimuona Ruby anamwambia Sam "usimwambie Dean, hataelewa" nywele zinanisimama.

#17 Impala_ya_Mzee
Mama umemaliza kila kitu. "Usimwambie Dean." Ukitaka kujua nani anakuchezea angalia nani anataka siri kati yako na ndugu yako.

#18 Popobawa_Mstaafu
Kwa hesabu hiyo basi mchezaji mkuu ni Castiel, maana sizoni ya sita mzima kaficha siri na Crowley, mfalme wa kuzimu. Wanagawana roho za Purgatory huku anakaa meza moja na Dean. Tena akajifanya hajui Sam alitoka kuzimu bila roho.

#19 DadaFay
Castiel usimguse tafadhali. Ile epsodi anasimulia mwenyewe inaonyesha kila kitu. Alikwenda kwa Dean kuomba msaada, akamkuta anafagia majani nje kwa mpenzi wake Lisa, anaishi kama mtu mwingine yeyote hatimaye, akashindwa kumsumbua. Pale pale Crowley akatokea na ofa. Alikosea lakini alianza kwa huruma. Tena suala la roho ya Sam hakulificha, alidhani amemtoa mzima.

#20 Popobawa_Mstaafu
Na Ruby tukimpa epsodi ya kusimulia mwenyewe si na yeye tutamlilia? Ndo namaanisha hapo, dada. Castiel alipewa nafasi ya kujieleza saa nzima, Ruby kapewa dakika mbili halafu kisu cha tumbo, Sam kamshika mikono kwa nyuma. Na kisu chake mwenyewe.

#21 Kibatari
Wote mnacheza na vivuli. Mwandishi wa yote ni Chuck. Mwisho wa sizoni ya 14 inaonekana wazi, Mungu mwenyewe ndo alikuwa anapanga hawa ndugu wauane kwa burudani yake. Ruby ni kalamu tu. Azazel, yule pepo wa macho ya njano, kalamu, Zachariah kalamu. Hata ndoa ya wazazi wao ilipangwa, kumbukeni yule malaika wa mapenzi wa sizoni ya tano anavyosema wazi kwamba John na Mary mwanzo walikuwa hawapatani, ikatoka amri mbinguni wapendane. Hata Jessica kule Stanford aliletwa kwa Sam na rafiki yake Brady ambaye alishaingiwa na pepo, na huyo Brady ndiye aliyemuua. Sasa mtu ambaye wazazi wake walipangwa, mpenzi wake alipangwa, unamlaumuje kwa kumwamini Ruby?

#22 Msomi_wa_Mihuri
Kibatari hiyo ya Chuck imebandikwa baadaye. Eric Kripke alikuwa na hadithi ya sizoni tano na baada ya hapo akakabidhi usukani kwa wengine. Chuck wa sizoni ya nne ni nabii mlevi anayeandika vitabu ndani ya bafurobu. Kumfanya adui ni kazi ya waliokuja mwishoni. Huwezi kuchukua jibu la 2019 ukajibu nalo swali la 2009.

#23 Kibatari
Hadithi ni moja mkuu, epsodi 327, huwezi kuikata vipande unavyotaka wewe. Ukikubali Ruby wa Katie na Ruby wa Genevieve ni mmoja, kubali na Chuck mmoja.

#24 Msomi_wa_Mihuri
Mimi sijasema lolote kuhusu Ruby wawili, huyo ni DadaFay.

#25 Jike_la_Simba
Nimechelewa. Mbona hakuna anayemgusa Sam mwenyewe? Ruby anamwambia pale mwisho kwamba haikuwa damu, ilikuwa yeye na uchaguzi wake, yeye Ruby alimuwekea njia tu. Na mi namuamini kwa hilo. Sam aliambiwa na Dean, akaambiwa na Bobby, Castiel naye alishamwonya mapema, na akaendelea. Alikuwa anataka kuwa yule anayemaliza kazi, siyo mdogo wa mtu. Toka utoto analelewa kama mzigo, Dean anaambiwa na baba "mwangalie mdogo wako". Hicho kiu ndo Ruby alikitumia, lakini kiu kilikuwa cha Sam.

Na Dean ndo alivunja muhuri wa kwanza! Miaka 40 anateswa na Alastair mpaka akakubali kuwatesa wengine. Nani alimpangia hilo?

#26 Impala_ya_Mzee
Aliteswa miaka 30 dada, hiyo 10 ya mwisho ndo alikuwa anatesa yeye. Duniani ilikuwa miezi minne tu.
Na usipite haraka hapo kwa Alastair. Kwenye ile epsodi ya malaika Anna, Alastair alimkamata Ruby akamchanja kwa kisu chake mwenyewe, akamtesa vibaya. Alastair hakujua kuwa ni mwenzake! Ruby angesema neno moja tu, "mimi nipo kwenye kazi ya Lilith", angeachiwa. Hakusema. Sasa Chumvi rudi kwenye swali lako la kituo cha polisi. Mtu anayevumilia kisu cha Alastair kwa ajili ya mpango, kufa kwa dawa ya Nancy kunamtisha nini?

#27 ChumviMlangoni
Mkuu kuvumilia kisu unabaki hai na mpango unaendelea. Ile dawa ingemmaliza na mpango ungekufa naye. Bado hujanijibu. Labda sizoni ya tatu hakuwa na mpango kabisa, alipopigwa na Lilith akarudishwa kuzimu ndo akavunjwa huko akageuzwa. Kumbuka anaporudi anamwambia Sam kwamba ilibidi amuahidi Lilith kumuua. Sisi tukachukulia kamdanganya Lilith. Je kama ahadi ilikuwepo kweli, ila siyo hiyo aliyoitaja?

#28 DadaFay
ASANTE. Hiyo ndo nilikuwa nasema toka #4. Ruby wawili.

#29 Jike_la_Simba
Hapana, kama Dean alivunjwa kuzimu kwa miaka 30 na yeye ni Dean, Ruby ambaye keshakaa huko mamia ya miaka unamvunja nini tena? Huyo ameshavunjwa kabla hata hajamjua Sam.

#30 mwana_wa_makorora
Jike la Simba nimekusoma #25 na nusu nakubali. Kaka yangu mwenyewe husema hakuna aliyemshika mkono. Ila ananiambia pia kwamba kama siku ile nyumbani pangekuwa na mtu wa kumwambia "njoo" badala ya "ukitoka usirudi" labda asingetoka. Dean alimwambia Sam vivyo hivyo pale hotelini, ukitoka mlango huo usirudi tena. Maneno ya baba yao yaleyale. Ruby alikuwa anasubiri maneno hayo tu.

#31 Otis254
Hii sasa imeniguza. Na ata yule pepo Meg alitumia hiyo line sizoni ya kwanza, mnakumbuka? Sam na Dean wamekosana barabarani, Sam ameshuka na begi yake usiku anaenda California peke yake, nani anamkuta kando ya barabara? Meg. Anamwambia hata mimi nimetoroka familia inayonipangia maisha. Wanaongea poa, wanacheka. Epsodi ikiisha amepanda gari ya msee mwingine, amemkata koo, anakinga damu kwa bakuli anaongea na "baba" yake Azazel kupitia hiyo damu. Kwa hivyo hata kabla ya Ruby wenye kuzimu walikuwa wanajua Sam hushikika wapi. Sasa swali langu ni, kama Azazel alijua hiyo mapema, mbona hakumuachia Meg hiyo kazi?

#32 Popobawa_Mstaafu
Kwa sababu Meg alikuwa anaipenda kazi yake mno, ingeonekana usoni.

#33 Impala_ya_Mzee
Popobawa leo umesema kitu. Meg hakuwahi kuficha yuko upande wa nani baada ya kugundulika, na sizoni ya nane anakufa mkononi kwa Crowley akiwapa wale ndugu na Castiel muda wa kukimbia. Ruby aliyejiita rafiki alikuwa adui, Meg aliyejiita adui akafa anawakinga.

#34 MamaJunior_Moro
Meg alikufa kwa ajili ya Castiel, wale wavulana wawili walinufaika tu. Rudini muangalie vizuri anavyomtaja Castiel pale mwisho.

#35 DadaFay
Mama usituanzishie hiyo, fungua uzi wake tuje wote.